Uso Ambao Mama Aliukataa

Mama yangu alikuwa ananiona kwa vidole. Macho yalimwisha zamani, masikio yakafuata, mpaka huwezi kumwambia kitu bila kupiga kelele kama mtu anayefukuza nyani shambani. Na hata akisikia, sauti zote kwake zilikuwa moja. Basi alibaki na vidole. Ukiingia kwake unapiga magoti mbele ya kiti, anakushika paji, mashavu, taya, anashuka shingoni, na hapo ndipo anajua ni nani amekuja. Ndugu yangu, mama alimjua kwa kovu la kidevuni. Mke wa ndugu yangu alimjua kwa mashavu yake manene. Mimi alinijua kwa taya, kwa sababu ni taya lake mwenyewe, pana, la watu wasiosikia la mtu.

Mimi ni mtu wa matofali. Maduka mengi unayoyaona Mbumbuni yamesimama kwa matofali yangu, na mjini Wote pia yapo, hata kanisa moja kubwa ambalo wenyewe hupenda kusema lilijengwa na Mungu. Sawa, lakini udongo niliukanyaga mimi. Shule walinitoa darasa la pili nichunge mbuzi ili ndugu yangu asome. Baba alipogawa shamba kule kwetu Kitui, upande wa Mutomo, jina langu halikutajwa. Msichana ni wa kuolewa. Niliolewa Makueni, mume akafa mapema, nikaazima jembe nikashuka mtoni kuchimba udongo. Sikulia, na sikumwomba mtu. Leo nina matanuri matatu na watu wanaonisalimu wakiwa bado mbali.

Kitu kimoja tu nilikuwa nangoja kupewa. Kwetu mzazi akiona jua lake linaenda kuzama, anaita watoto wake, kifungua mimba akiwa wa kwanza, kisha wengine kwa mpangilio wao. Anakutemea mate mikononi, anasema maneno yake juu yako, nawe unajipaka kifuani. Sisi ni watu wa kanisa na pasta hapendi habari ya mate, lakini siku hiyo ikifika sijaona mtoto wa pasta akikosa. Mimi ndimi kifungua mimba. Nyumba nilijijengea, shamba nilijinunulia, watoto nilijisomeshea. Lakini hayo mate mtu hawezi kujitemea.

Sasa, moshi na jua vilikula uso wangu. Kisha nikashikwa na vidonda vya tumbo, nikakonda. Nilipopona, nyama haikurudi, ngozi ikabaki inaning'inia chini ya kidevu kama gunia lililotolewa mahindi. Mimi sikujali. Tofali halinunuliwi kwa sura ya mwenyewe. Aliyejali ni mama. Siku moja nilipiga magoti kama kawaida, vidole vyake vikafika shingoni, vikasimama.

"Hii ngozi ni ya nani?" akauliza. "Imekuwa kubwa kuliko uso."

"Ni yangu, mwaitu!" nikapiga kelele. Mwaitu ndiyo mama yangu kwa Kikamba.

"Umezeeka ukanipita," akasema. "Hivi ndivyo yule alikuwa."

Alimaanisha ndugu yetu wa katikati, aliyekufa kwa ugonjwa wa kukonda. Mama alimshika shingo hivyo hivyo wiki zake za mwisho. Akaanza kulia. Na kila nilipoenda baada ya hapo, ilikuwa hivyo: anashika, analia, anasema nitamtangulia. Mwishowe mke wa ndugu yangu alinipigia simu.

"Wifi, usikasirike," akasema. "Ukishaondoka mama huwa hali. Siku mbili, tatu, anafunga mdomo tu."

"Unataka nisije kwa mama yangu?"

"Sijasema hivyo. Nimesema kunenepa hujaweza. Sijui sasa utafanya nini, lakini mama anakufa njaa kwa sababu ya shingo yako."

Wifi yangu ni mtu wa kusema hivyo. Ndiyo maana tunasikizana.

Pale Wote kuna msichana ana chumba cha urembo juu ya duka la dawa za mifugo. Nilikuwa nimemuuzia babake matofali. Nikapanda ngazi. Alikuwa na kope ndefu kama ufagio, na alikuwa anamkanda uso mke wa mwalimu mmoja.

"Karibu, susu," akaniambia. Susu ni nyanya. "Umeleta mjukuu tumsuke?"

"Nimejileta. Nataka hii ngozi irudi mahali ilitoka."

Mke wa mwalimu akacheka chini ya taulo. Msichana hakucheka. Alinigusa shingo, akavuta ngozi, akaiachilia, vile mimi huangalia udongo kama umeshika.

"Yote haiwezi kurudi, mathe. Nisikudanganye. Inaweza kujivuta kidogo, labda hapa kwa taya na hapa chini. Nina mashine inapasha moto ngozi ya ndani, inajikunja. Halafu unaenda nyumbani unakaa. Wiki nyingi. Ngozi inajifanyia kazi yenyewe. Usirudi hapa mbio."

"Na nikitaka haraka?"

"Hii kitu ni kama chumvi. Ikipungua unaongeza. Ikizidi, utaitoa na nini?"

Alinilaza. Mashine ni kitu kidogo kama simu ya zamani, anakipitisha juu ya mafuta baridi, na unasikia joto linaingia polepole mpaka kwenye mfupa. Moto mimi naujua. Nililala pale nikafurahi, nikasema kumbe ni hii tu.

Na ilisaidia, siwezi kusema uongo. Si sana. Majirani hawakuona chochote, kijana wangu mmoja wa kukanyaga udongo aliniuliza kama nimelala vizuri. Lakini mimi sikuwa namfanyia jirani. Nilipoenda Mutomo, vidole vya mama vilifika kwenye taya vikasimama, vikarudi paji, vikaanza upya.

"Umekula nini wewe?" akasema.

"Nyama!"

Akacheka na fizi zake. Akaniambia, "Wakya, mwiitu wakwa," vile mkubwa anamsalimu msichana wake, na sauti yake ilikuwa ya miaka ile nilipokuwa mdogo. Siku hiyo alikula sahani nzima ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, akaomba supu. Wifi alinitazama toka mlangoni akanikonyeza. Nilirudi Mbumbuni nikiimba.

Ningekoma hapo. Lakini baada ya muda simu ikalia tena, ni wifi. Mama ameanza kupoteza nguvu. Miguu imevimba. Amesema ndengu zikishavunwa atawaita watoto wake.

Nikahesabu, nikaona mavuno hayako mbali. Nikajiangalia kwenye kioo cha pikipiki, nikaona shingo bado ina mikunjo. Nikafikiria vile atanishika siku hiyo, mara ya mwisho. Nilitaka ashike msichana. Nilitaka atoke duniani akijua kifungua mimba wake ana nguvu za kubaki. Nikapanda ngazi za Wote tena.

"Bado," yule msichana akasema hata sijakaa. "Nilikwambia wiki ngapi?"

"Mama yangu anakufa."

"Pole sana, mathe. Kwa kweli pole. Lakini siwezi."

Nikamwambia vile tanuri huwa. Ukishawasha moto huachi. Unalisha kuni mchana na usiku mpaka tofali la katikati kabisa liive, kwa sababu ukiacha tanuri lipoe kabla ya wakati, yale ya nje yanakuwa mekundu mazuri na ya ndani yanabaki udongo, mvua ya kwanza inayeyusha yote. Wengi wamefilisika hivyo. Nikamwambia, hii ngozi umeiwasha mara moja ukaiacha ipoe. Umeniacha mbichi ndani.

"Mathe, wewe si tofali."

"Umri wangu wote nimeishi na moto. Utanifundisha moto?"

"Sikufundishi. Nakataa tu."

Nikashuka ngazi nimekasirika. Ukienda kwa mama lazima upitie Kitui mjini, na Kitui mjini kulikuwa na mama mwingine mwenye mashine, ana bango la mwanamke mweupe nje. Aliniuliza kama nimefanyiwa mahali pengine karibuni. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama nimepaka dawa kali. Nikamwambia hapana. Hilo la pili lilikuwa kweli wakati huo. Alinipitishia mashine yake, na yake ilikuwa kali kuliko ya Wote, nikaona vizuri, huu ndio moto. Akanipaka maji fulani ya kuchubua. Akaniuzia krimu ya kukaza, akasema kidogo kama punje ya ndengu, jioni tu. Nikarudi kwake kabla uso haujaacha kuwa mwekundu, nikamwambia uso wangu huwa mwekundu haraka, nilizaliwa hivyo. Na ile krimu nilipaka kama plasta ya ukuta, asubuhi na jioni, kwa sababu punje ya ndengu itafika wapi kwa uso wote huu?

Halafu siku ya kuwasha tanuri ikafika. Sijawahi kumwachia mtu mdomo wa tanuri langu. Nilisimama pale kutwa nasukuma magogo, joto linanipiga usoni, jua linanipiga kisogoni. Jioni uso ulikuwa unapiga kama moyo. Asubuhi macho hayakufunguka. Malengelenge yalitoka mashavuni na chini ya taya, yakapasuka, yakatoa maji, yakakauka kuwa magamba. Binti yangu aliponiona alidondosha kikombe.

Nilienda Wote kwa yule msichana kwa sababu sikujua mwingine wa kwenda kwake. Aliacha mteja, akanishika mkono, akanisogeza dirishani.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Mimi."

"Na nini?"

Nikamwambia yote, Kitui, maji, krimu, tanuri. Kope zake zikashuka. Nilingoja anicheke au anitukane, nimjibu. Akasema tu, "Mathe, twende hospitali," na akafunga chumba chake akanisindikiza mwenyewe. Daktari alinipa dawa ya kupaka na ya kumeza, akasema itapona lakini polepole. Nisiguse, nisikwangue, nisiweke kitu kingine chochote, nisikaribie moto wala jua.

"Siku ngapi?" nikauliza.

"Uso hauna haraka yako," akasema.

Nikamwomba Mungu mama angoje. Sikuwa nimeomba hivyo tangu mume wangu alipokuwa anakufa. Niliomba nikitembea, nikiwa jikoni, nikiwa chooni. Ndengu zilikuwa zinakauka shambani, na kila nikipita kando ya shamba la mtu nikaona maganda yamegeuka meusi, naharakisha hatua. Wifi akapiga simu. Alisema neno moja, "Njoo," akakata.

Nilifika mchana nimejifunga leso mpaka puani. Ndugu yangu alikuwa uwanjani. Nilipofungua leso, alirudi nyuma.

"Dada! Umeumwa na nyuki?"

"Nyamaza. Mama yuko aje?"

"Anakungoja wewe. Hakuna aliyetemewa bado. Kila mtu akiingia anasema, kifungua mimba kwanza."

Nikaingia, nikapiga magoti kando ya kitanda. Mkono wa mama ulikuwa mwepesi kama jani. Ukagusa paji, ukashuka, ukafika shavuni kwenye magamba, ukaruka kama umegusa sufuria ya moto.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mwaitu! Kifungua mimba wako!"

"Nani?"

"Mimi! Wa Mbumbuni! Wa matofali!"

Akajaribu tena, pole pole, na mimi nikauma meno kwa sababu ilikuwa inaniwasha. Akatafuta taya. Taya lilikuwa limevimba, halina pembe. Shingo ilikuwa ngumu na mbichi. Akatoa mkono akauficha chini ya blanketi.

"Mtoto wangu hana magamba," akasema. "Nilimshika juzi. Ana ngozi nzuri. Msinidanganye kwa sababu sioni."

Nikampa mikono yangu. Nikasema, shika hii, hii unaijua, ona ilivyopasuka. Akaishika kidogo.

"Mikono ya kazi huku ni ya kila mtu," akasema, na akageukia ukuta.

Ndugu yangu alinifuata nje. Huyu ndiye niliyechunga mbuzi ili asome, na kabla ya siku hiyo hakuwahi kuniinulia sauti.

"Atakufa hajamtemea mtu," akasema. "Sote, dada. Mimi na watoto wangu. Kwa sababu ya nini? Krimu!"

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, nikaona kuku wanapita, nikafikiria kuchukua kisu nikwangue yale magamba yote mara moja, labda chini yake kuna uso wangu. Wifi akaja akakaa kando yangu. Alinifunga leso vizuri jua lisinipige, akarudi ndani kumgeuza mama.

Kesho yake asubuhi mama aliongea kidogo sana. Akauliza, "Yule mgeni bado yuko?"

"Yuko!" ndugu yangu akajibu.

"Alitoka Mbumbuni?"

"Ndiyo!"

"Ametumwa na mtoto wangu?"

Nikamtazama ndugu yangu, nikatikisa kichwa. Alinitazama na macho mekundu. Kisha akainama kwenye sikio la mama, akapiga kelele, "Ndiyo, mwaitu! Ametumwa na yeye! Yeye ameshindwa kuja!"

Ningempiga. Lakini mama alikuwa ametoa mkono chini ya blanketi, anautafuta hewani.

"Basi aje."

Nikapiga magoti. Hakunigusa uso tena. Alitafuta viganja vyangu, akavifungua, akaviweka pamoja kama mtu anayetaka kumwagiwa maji.

"Pole na uso, wewe msichana wa watu," akasema. "Sikukufukuza jana. Nilimtaka wangu. Ukirudi mwambie nilimngoja. Mwambie hatukumpa shule, hatukumpa shamba, na hakuuliza. Mimi nilikuwa naona. Nilikuwa na macho wakati huo. Mwambie kila anachowasha kiive. Watoto wake wasimdharau. Azeeke, azeeke sana, ngozi ifike magotini, ndivyo nataka."

Akatema. Mate yalikuwa machache, alikusanya kwa shida. Akafunga vidole vyangu juu yake.

"Usimwage njiani," akasema.

Nikasema, "Mwaitu, ni mimi." Sikupiga kelele. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, na hakusikia. Alikuwa ameshamwita ndugu yangu, na vidole vyake vilikuwa kwenye kovu la kidevu.

Nilitoka na mikono imefungwa, wifi akanifungulia mlango kwa bega. Nyuma ya jiko nikafungua viganja. Kulikuwa na unyevu tu. Nikajipaka kifuani kama inavyotakiwa, na kilichobaki nikajipaka usoni, juu ya magamba, juu ya dawa, pale daktari aliposema nisiweke kitu. Iliuma kama chumvi. Nikaacha iume.

Mama alikufa kabla magamba hayajaanguka. Nilimzika nimefunika uso, na watu wa Mutomo wakasema yule wa matofali amehuzunika mpaka hataki kuonekana.

Uso ulipona. Upande mmoja una doa jeusi ambalo haliondoki, na ngozi yote iliyobaki imeshuka tena mpaka pale ilipokuwa kwanza. Sisemi watu wasikaze ngozi zao. Bado mimi napanda zile ngazi za Wote, mara chache, nikiitwa, na yule msichana akisema nenda nyumbani ukae, nakaa. Yeye alisema kweli na ile kitu inafanya kazi yake ndogo. Anayekuja kwangu kuuliza namwambia hivyo: kidogo, na ungoje. Wananiangalia doa wanasikia.

Lakini lile lingine sina wa kuniambia. Ndugu yangu anasema nimepata, mate ni mate, yameanguka mkononi mwa mwenyewe. Nimemwuliza, wewe uliitwa kama nani? Akajishika kovu la kidevu. Yeye alipewa kama mtoto. Mimi nilipewa kama mjumbe. Mwaka huu tanuri moja lilipasuka katikati, vijana wakasema ni kuni mbichi, na mimi nikasimama pale kwenye moshi najiuliza kama baraka ya mtu hushika mtu aliyeibeba tu. Nimejaribu kuufikisha ule ujumbe. Nikiwa peke yangu nasema yote, neno kwa neno: shule, shamba, azeeke sana. Lakini mjumbe hurudi kwa aliyemtuma akasema, nimemkuta, amesikia. Mimi nirudi kwa nani?